Tisa Iliyopinduliwa

Zamani waliliita Daraja la Kwanza,
japo ukihesabu kutoka juu ni la pili.
Siku hizi lina jina la Kizungu
linalomkwama mwenyekiti wetu kooni.
Mimi nimebaki na daraja.
Darajani hakai mtu, hupita.
Mimi nimekaa miaka kumi na tisa.

Mwinshehe, mtunza vifaa, Mtongani Nyota.
Jezi ishirini na mbili, mipira sita,
mmoja unavuja upepo taratibu
kama ahadi ya mshahara.
Nafua kwenye karai la mafundi zege,
naanika uani, Keko Machungwa,
na jirani yangu Bi Tabu husoma matokeo kwenye matope:
"Makalio yote mekundu. Leo mmeburuzwa."
Hajawahi kukosea.

Tunacheza Shamba la Bibi, saa nane mchana,
saa ambayo jua halina refa.
Jukwaani watu arobaini,
tisa kati yao wamekuja kumdai katibu.
Uwanja mtupu hautunzi siri:
kocha akimfokea beki wa kushoto
mama mtu anasikia kule getini anakouza karanga,
anafunga kikaratasi, anatikisa kichwa.
Kocha kasema kweli.

Tulikuwa na Nasibu Kilongola,
mwembamba kama penseli ya mtihani,
mabao kumi na moja kabla ya Krismasi.
Tisa yake niliikata mwenyewe
kwenye kitambaa cha mwavuli mbovu,
nikaishona kwa uzi wa viatu.
Dirisha dogo likafunguliwa, Ligi Kuu ikamwita.
Alikuja kuniaga, akaomba jezi aondoke nayo.
Nikamwambia jezi si yangu, wala si yako.
Akacheka. Akaniachia elfu tano
na njumu za kushoto na kulia zilizoachama midomo.

Wiki hiyo hiyo sita ya Chikoti ikachanika Songea,
ikabaki huko, kwenye kucha za mtu.
Kitambaa sina, hela sina, kesho mechi.
Nikafumua tisa ya Nasibu,
nikaipindua,
nikaishona mgongoni mwa beki.
Ikakaa sita, wala haikunung'unika.
Sikumwambia kocha. Sikumwambia Chikoti.
Miezi minne akawa anaokoa mipira
amebeba mabao ya mwenzake bila kujua.

Mei, mechi ya mwisho, mvua ya masika.
Tukishinda tunaingia mchujo,
tunagonga mlango wa wakubwa.
Bila kwa bila, dakika ya themanini na tisa, kona.
Chikoti akapanda, yeye asiyepandaga.
Mpira ukamkuta amelipa lango mgongo.
Akaruka. Tikitaka!
Beki! Kilo themanini na mbili za ugali na dagaa,
miguu juu, kichwa chini,
na pale hewani, kwa muda wa mtu kupepesa jicho,
nikaisoma jezi.

Tisa.

Mimi peke yangu. Wengine walikuwa wanautazama mpira.
Ukagonga mwamba. Mlio wake
nadhani ulifika Chang'ombe.
Ukarudi uwanjani, ukapigwa mbele, filimbi.
Chikoti akabaki kwenye dimbwi
akitazama mawingu. Alikuwa sita tena.

Jioni nilipita kwenye banda la video.
Nasibu alikuwa kwenye runinga, benchi,
kizibao cha njano juu ya namba yake.
Kamera ilimpita kama inavyopita kiti.

Jumatatu nimeanika.
Bi Tabu kakagua kamba nzima, jezi kwa jezi.
"Huyu mmoja matope mgongo mzima,
mpaka shingoni. Alianguka?"
Nikasema, alianguka.
"Kutoka wapi?"

Sikumjibu. Akaingia ndani,
akatoka na mwavuli uliovunjwa na mvua ya jana,
akautupa karibu na karai langu:
"Chukua, utafaa kwa upuuzi wako."

Mweusi. Kitambaa bado kigumu.
Nimeukunjua juani ukauke.
Mkasi uko kwa fundi viatu, namdai.
Julai watakuja vijana wa majaribio,
na kila mwaka yuko mmoja
ambaye kabla hata ya kusema jina lake
anataka tisa.